Ugonjwa wa Kusahau kwa Wazee Wetu

Hotuba ya Karani wa Chama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, Machakos



Halmashauri imeniagiza niseme juu ya hoja iliyo mbele yenu, yaani kama fedha za msaada wa wagonjwa zaweza kutolewa pia kwa nyumba inayomtunza mzee aliyepotewa na kumbukumbu. Baadhi ya wanachama wamepinga, wakisema ya kwamba huo si ugonjwa bali ni uzee. Na wengine, kwa sauti ya chini, wamesema ni uchawi. Mimi ni karani wala si daktari, lakini nimeyasoma yaliyoandikwa na wataalamu.

Mwaka 1906 daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, alieleza habari za mwanamke wa Frankfurt aliyepotewa na akili angali na miaka 51 tu. Alipokufa, daktari aliutazama ubongo wake kwa hadubini, akaona mabonge madogo madogo kati ya chembe za ubongo, na nyuzi zilizosokotana ndani ya chembe zenyewe. Leo twajua ya kwamba vyote viwili ni protini. Ile ya mabonge huitwa amiloidi, na ile ya nyuzi huitwa tau. Tau iliyo njema hutegemeza vijirija ambavyo kwavyo chembe husafirisha mahitaji yake. Ikiharibika hubanduka na kujisokota, na mwishowe chembe hufa.

Wenye mabwawa ya udongo wataelewa upesi. Matope huingia kila mvua, wala hakuna ayaonaye kwa kuwa maji yako juu yake. Siku bwawa likikauka mapema, watu husema limeharibika mwaka huu. Vivyo hivyo amiloidi huweza kuanza kukusanyika miaka 15 au 20 kabla mzee hajasahau jina la mjukuu wake.

Iko na protini ya tatu, alfa-sinukleini. Mgonjwa wa namna hii huweza kuona watu au wanyama wasiokuwapo, akazungumza nao usiku. Hapo ndipo majirani huanza kunong'ona. Nanyi mmesikia habari za Kilifi, jinsi wazee walivyouawa kwa kusingiziwa uchawi.

Yuko atakayesema ni ugonjwa wa Wazungu. Mwaka 1996 wataalamu, miongoni mwao Julius Ogeng'o wa Nairobi na Raj Kalaria, walitangaza uchunguzi wa ubongo wa wazee waliofariki Nairobi na Dar es Salaam, ambao hawakuwa na ugonjwa huu. Kwa baadhi yao amiloidi ilikutwa, kama ilivyokutwa kwa wazee wa Cleveland, Marekani. Basi mtu aweza kuwa nayo akafa na akili timamu. Protini haielezi yote. Shinikizo la damu na kisukari huharibu mishipa ya ubongo na kuongeza mzigo.

Mwaka 2023 Marekani waliidhinisha kikamilifu dawa iondoayo amiloidi, lekanemabu. Hupunguza mwendo wa ugonjwa kidogo, haiuponyi, na bei yake yatisha. Tusiingoje. Lakini mzee na apelekwe hospitali kwanza, kwa maana uko usahaulifu utokanao na upungufu wa vitamini B12, au tezi ya shingo, au pombe, nao mara nyingi hutibika.

Jambo lililo zito kwangu kuliko yote ni shamba. Mzee asiyejua leo ni siku gani huwekwa kidole gumba juu ya karatasi, na watoto wake hupata habari trekta likiwa limekwisha ingia. Sheria ya mwaka 1967 yataka mauzo ya ardhi ya kilimo, katika maeneo inayoyahusu, yapate idhini ya Bodi ya Ardhi. Wazee wa ukoo na wahudhurie huko, waseme wazi hali ya mgonjwa kabla idhini haijatolewa.

Halmashauri yapendekeza cheti cha daktari kitoshe, kama kwa mgonjwa mwingine yeyote, na kura ipigwe kabla Mweka Hazina hajasoma hesabu.