Televisheni ya Picha Kali na Mpaka wa Jicho

(Maneno ya darasa lililotolewa msikitini, Masieda, baada ya Sala ya Ijumaa)

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na maswahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Ndugu zetu katika imani, waume kwa wake. Vijana wetu wamependekeza kwamba katika mchango wa madrasa inunuliwe televisheni ya inchi 55, tena ile iitwayo 4K, ili katika Ramadhani tufuatilie tarawehe za Makka, na watoto wapate masomo ya tajwidi. Nia yao ni njema, nasi tunawaombea malipo kwayo. Lakini tumearifiwa pia kuwa zipo nyumba zinazouza ndama, na nyingine zinazokopa kwa riba, kwa ajili ya chombo hicho hicho. Basi swali limekuwa la watu wote: je, ziada inayolipwa kwa ajili ya ukali wa picha inamfaa mtazamaji wa kawaida?

Hatutarejea mjadala wa uhalali wa televisheni yenyewe. Mjadala huo uliwahi kuwa mkali hata Saudia ilipoanza kurusha matangazo ya televisheni mwaka 1965. Sisi tunashika kauli kwamba hukumu hufuata kile kinachotazamwa. Leo tunazungumzia mali.

Picha ya televisheni hujengwa kwa nukta ndogo ndogo za mwanga. Kioo cha HD kamili kina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo, takriban milioni 2 kwa jumla. Kioo cha 4K kina 3,840 kwa 2,160, zaidi ya milioni 8. Na kipo cha 8K, chenye nukta milioni 33. Muuzaji huishia hapo. Hasemi kwamba Muumba ameliwekea jicho nalo mpaka wake.

Kwa kipimo wanachokitumia madaktari wa macho, jicho lenye afya hutenganisha vitu viwili vikiachana kwa sehemu moja ya sitini ya digrii. Kwa mtu aliyeketi mita 3 kutoka kwenye kioo, hiyo ni milimita 0.9 hivi. Sasa, kioo cha inchi 55 cha HD kina nukta zenye upana wa milimita 0.63. Maana yake ni kwamba mkekani pako, mita 3 kutoka ukutani, hata nukta za HD huzitenganishi. Za 4K ni nusu ya hizo. Ili uanze kuonja tofauti, usogee hadi chini ya mita 2.2, na ili uifaidi yote, uketi kiasi cha mita 1.1 tu. Ndiyo sababu dukani picha humvutia mnunuzi: anasimama hatua moja mbele ya kioo, akionyeshwa filamu iliyopigwa makusudi kwa ajili ya kuuzia!

Kisha tuulize, picha yenyewe inatoka wapi? Tangu kuzimwa kwa mitambo ya analojia kulikoanza Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, wengi wetu tunatazama kupitia king'amuzi. Picha ya kawaida ya kidijitali ina nukta 720 kwa 576, kama laki 4. Ukiipeleka kwenye kioo cha 4K, kila nukta moja iliyotumwa inatandazwa juu ya nukta 20. Kumi na tisa kati ya hizo mashine imezikisia yenyewe. Anayetaka 4K ya kweli huenda kwenye intaneti, na huko saa moja ya filamu yaweza kula gigabaiti 7. Ni bando la nani hilo, ndugu zetu?

Lipo na jambo baya zaidi. Sokoni zimo televisheni zenye stika ya 4K ambazo hupokea tu mawimbi ya 4K, ilhali kioo chake ni cha HD au chini ya hapo. Mnakumbuka habari ya Mtume (s.a.w.) aliyepita sokoni, akaingiza mkono katika rundo la chakula, akakuta chini yake kuna unyevu uliofichwa, akamkemea muuzaji. Stika hiyo ni juu ya rundo. Mnunuzi aulize idadi ya nukta za kioo chenyewe, na mfanyabiashara Mwislamu aitaje kabla ya kuulizwa.

Imamu ash-Shatibi (Allah amrehemu), aliyefariki mwaka 790 Hijria, aliyapanga maslahi ya watu kwa daraja: dharura, kisha haja, kisha mapambo. Mapambo si haramu. Kwa hiyo mwenye uwezo akikuta bei ya 4K imekaribiana na ya HD, kama ilivyo siku hizi kwa vioo vikubwa, anunue asione dhambi. Kosa ni kulipa ziada kwa kitu kisichofika machoni, na huo ndio ubadhirifu tuliokatazwa katika Surat al-Israa. Ama kukichukua kwa mkopo wa riba, hapo hakuna cha kujadili. Mwenye haja auziwe kwa awamu, kwa bei moja iliyokubaliwa tangu mwanzo, isiyoongezeka akichelewa.

Kuhusu madrasa, rai yetu kwa kamati ni hii. Inunuliwe ya HD, yenye sauti safi, kwa kuwa tajwidi hufundishwa kwa sikio kabla ya jicho. Kiongezwe kifaa cha kuilinda na umeme unaopanda na kushuka, maana huo ndio unaoziua televisheni kabla ya umri wake. Fedha itakayobaki ielekezwe kwenye mabati ya darasa la watoto, ambako mvua bado inaingia. Kamati itakutana baada ya Sala ya Alasiri, na kila aliyechangia anakaribishwa.

Wabillahi tawfiq.