Ajira ya Kijana wa Bayoteknolojia na Ghala la Kibaha



Mwaka 2015 kilizinduliwa huko Kibaha, Mkoa wa Pwani, kiwanda cha viuadudu vya kibayolojia, mali ya Shirika la Maendeleo la Taifa, kwa utaalamu uliotoka Cuba. Bidhaa yake si sumu ya kawaida. Ni bakteria wanaokuzwa ndani ya matangi, kisha wakanyunyizwa madimbwini, ambako huwaua viluwiluwi wa mbu kabla hawajaota mabawa. Uwezo wa kiwanda ulikuwa lita milioni 6 kwa mwaka. Hata hivyo, ilipofika mwaka 2017 dawa ilikuwa imelala ghalani kwa kukosa wanunuzi, hata Rais wa wakati huo, John Magufuli, alipokitembelea akaziagiza halmashauri ziinunue.

Tukio hilo halina budi kukumbukwa kila inapozungumzwa ajira ya vijana waliosomea bayoteknolojia. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo vinafundisha fani hiyo, na nyuma ya kila mhitimu yupo mwalimu wa baiolojia aliyemhimiza. Mwalimu huyo hafurahi akimkuta mwanafunzi wake mjini akiishi kwa kufundisha masomo ya jioni.

Vijana wenyewe hawana kauli moja. Wapo wanaoitaka Serikali iongeze nafasi katika maabara zake, basi. Wapo waliochoshwa na mikataba ya miradi, kwani fedha za wafadhili zikikoma na kazi hukoma siku hiyo hiyo. Wapo pia wanaosikitishwa na maamuzi ya ghafla. Mwaka 2018 Serikali iliamuru majaribio ya mahindi yaliyobadilishwa vinasaba kule Makutupora, Dodoma, yasitishwe na mabaki yake yateketezwe. Ieleweke kwamba Serikali ina wajibu wa kujihadhari na mbegu isiyoridhika nayo. Swali la vijana ni jingine: mtaalamu aliyeandaliwa kwa majaribio kama yale apelekwe wapi yakisimama? Swali hilo ni la haki, na sera ya ajira inapaswa kulijibu.

Cuba hutajwa mara nyingi katika mabishano haya. Mwaka 1981 wataalamu wake sita walikwenda Helsinki, kwa Profesa Kari Cantell, kujifunza kutengeneza interferoni. Waliporejea Havana walifanyia kazi katika nyumba ndogo, wakaitengeneza mwaka huo huo, ikatumika katika mlipuko wa homa ya dengi. Kituo kikubwa cha uhandisi jeni na bayoteknolojia hakikufunguliwa mpaka mwaka 1986. Kazi ilitangulia, na mnunuzi, yaani hospitali za dola, alikwisha kuwapo. Majengo makubwa yakafuata. (Asidhani mtu kwamba Cuba ni pepo ya wataalamu. Ujira mdogo umewasukuma wengi wao kuihama nchi hiyo katika miaka ya karibuni.)

Kwa mintarafu hiyo, hoja nzito zaidi ni ya wale vijana wasioomba viti vya ofisini. Wanachotaka ni kwamba halmashauri zinunue dawa ya Kibaha, tena zilipe kwa wakati. Agizo la Rais laweza kumaliza shehena iliyopo ghalani. Haliwezi kumhakikishia kiwanda mteja wa mwaka ujao, na pasipo mteja wa mwaka ujao hakuna meneja atakayethubutu kuajiri mkuza bakteria, mpima ubora au fundi wa matangi. Afisa mipango anapolifuta fungu la viuadudu katika makisio ya wilaya, hajui kwamba ameamua pia juu ya ajira ya kijana asiyemfahamu.

Ndiyo maana vijana hao hupendekeza kila halmashauri itangaze mapema, makisio yanapopitishwa, lita itakazohitaji kabla ya masika, ili kiwanda kijue kizalishe kiasi gani na kwa mikono ya watu wangapi.