Likizo Bila Kuuza Unga

(Maneno yaliyosemwa kwa wazazi, kambi ya Nyarugusu)



Shule zimefungwa, watoto wako nyumbani. Kila likizo naona mzazi anapeleka sokoni unga na maharage ya mgao, apate pesa ya soda na biskuti. Furaha ni ya siku moja. Kabla ya mgao mwingine chungu hakina kitu. Ninyi ni wakubwa wangu, lakini kwa hili siwezi kunyamaza.

Mtoto anawataka ninyi wenyewe. Wengi wamezaliwa hapa, baada ya kambi kufunguliwa mwaka 1996. Ziwa Tanganyika wanalisikia tu. Jioni mkiota moto, waelezeni jinsi ndagala wanavyovuliwa usiku usio na mwezi: taa zinawashwa mitumbwini, samaki wanafuata mwanga, wavu unainuliwa. Bibi naye aimbe nyimbo za kutwanga. Baba afundishe bao. Mashimo yanachimbwa chini, kete ni vijiwe. Mama acheze kibuye na binti zake, vyombo vitangoja.

Ila msiwatume watoto peke yao porini kutafuta kuni, eti kwa kuwa hawana masomo. Hasa wasichana.