Tundu la Sinki Lisizamishe Boti

Maelezo ya Afisa wa Mawasiliano wa Kaunti kwa manahodha na mabaharia wa boti za watalii



Mimi si fundi wa boti. Kazi yangu ni kupasha habari. Lakini habari ya boti iliyozama usiku ikiwa imefungwa gatini, bila dhoruba wala mwamba, sitaki kuiandika.

Majuzi nilipanda boti moja yenye jikoni ili nipige picha. Chini ya sinki niliona mpira wa kutolea maji machafu umefungwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Maji yalikuwa yakidondoka ngamani. Nahodha akaniambia, "Ni maji kidogo tu, twayafua asubuhi."

Ndugu zangu, mpira ule ukichomoka, si maji kidogo. Tundu la milimita 38, likiwa sentimita 30 chini ya usawa wa maji, huingiza takriban lita 100 kwa dakika. Hizo ni jerikeni tano za lita 20, na usiku hakuna mtu botini wa kuyafua.

Nimewauliza mafundi, na ushauri wao ni huu:

Kwanza, fungeni valvu ya ubavuni kabla ya kugusa mpira. Ikiwa imeganda au haipo, ipandisheni boti pwani maji yakipwa, ndipo mfungue.

Pili, wekeni mpira mzito wa baharini. Chovyeni ncha yake katika maji moto ilainike, kisha ifungeni kwa klipu mbili za chuma kisichoshika kutu. Fanyeni hivyo kila upande.

Tatu, msitumie valvu za mabomba ya nyumbani. Chumvi huzila polepole. Kwa macho yaonekana nzima, kumbe imekuwa tete.

Nne, fungeni kizibo cha mti laini kwa kamba karibu na valvu. Mpira ukichomoka na valvu ikikataa, kizibo kiko mkononi.

Mwisho, funga valvu kila unapoiacha boti. Ni kazi ya dakika moja, nayo hulinda riziki ya nyumba nzima.

Wahenga walisema: enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Basi leo, kabla ya kwenda nyumbani, kila mmoja ashuke ngamani kwake akatazame.