Kabla ya kulipia mtihani wa tabianchi: hotuba kwa vijana wa Kapedo



Wengi mmeniuliza kuhusu SCR, cheti cha uendelevu na hatari za tabianchi kinachotolewa na shirika la GARP. Mtihani wake haudai digrii. Ila ada ni mamia ya dola. Tafadhali, usiuze mbuzi leo ili uulipie.

Anza na vya bure. Mafunzo ya UN CC:Learn yapo mtandaoni. Soma pia taarifa ya ukame ya NDMA inayotolewa kila mwezi kuhusu Turkana, ujue ni kipi huitoa kaunti kwenye hali ya kawaida hadi tahadhari.

Mtihani hutenganisha hatari mbili. Ya kwanza ni ukame na mafuriko yenyewe. Hiyo hamhitaji kufundishwa. Mvua ilipokosekana misimu mitano mfululizo kuanzia 2020, mliona mifugo ikianguka. Ya pili huja dunia inapoyaacha mafuta na kuhamia nishati safi. Mafuta ya Lokichar yaligunduliwa 2012: wanunuzi wakipungua, hasara itabaki kwa nani? Swali hilo ndilo la kukesha nalo.

Mimi mwenyewe nimefika hapo, na ada bado sijalipa.