Makinda wa Njiwa na Wazazi Wao

Maneno ya somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

Mwalimu, tafadhali angalia kwamba kila mtu ana daftari na kalamu, maana leo tutaandika tarehe.

Somo letu ni juu ya njiwa wa kufuga. Watu wengi husema, "Njiwa hana taabu, hujilea mwenyewe." Neno hilo lina ukweli kidogo. Njiwa mzima hutoka asubuhi, hutafuta punje, na jioni hurudi nyumbani. Lakini kinda aliyeanguliwa leo ni kipofu, hana manyoya ya kumkinga baridi, wala hawezi kuokota hata punje moja.

Tena fikirini jambo hili. Kuku mwenye vifaranga 10 akipoteza 2, amebaki na 8. Njiwa hutaga mayai 2 tu. Akipoteza makinda 2, hana kitu tena, na kazi ya majuma mengi imepotea. Kwa mwenye nyumba, hiyo ni kitoweo cha watoto kilichopotea, au fedha za daftari na chumvi.

Sasa tuanze na mayai. Jike hutaga yai la kwanza, kisha baada ya siku 2 hivi hutaga la pili. Hapo ndipo kuatamia huanza hasa. Baba na mama hupokezana. Dume hukaa juu ya mayai wakati wa mchana, na jike hukaa kuanzia alasiri, usiku kucha, mpaka asubuhi. Baada ya siku 17 au 18 mayai huanguliwa.

Shikeni kalamu. Tuseme yai la pili limetagwa tarehe 3 mwezi wa Juni. Andikeni: "Tarehe 3 Juni." Ongezeni siku 18. Mmepata ngapi? Naam, tarehe 21 Juni. Andikeni hiyo pia, chini yake. Mtu aliyeandika hivi hana haja ya kwenda kuchungulia kiota kila saa na kuwasumbua wazazi. Siku ikifika, atatazama. Siku 3 zikipita bila kuanguliwa, atajua kwamba mayai yameharibika, naye atayaondoa ili jike atage mengine.

Sasa makinda wametoka. Wanakula nini? Sikilizeni vizuri, maana jambo hili ni la ajabu. Ndani ya shingo ya njiwa kuna mfuko wa kuwekea chakula. Wengine huuita gole. Makinda wanapokaribia kuanguliwa, ngozi ya ndani ya mfuko huo hutoa kitu cheupe, kizito, mfano wa maziwa yaliyoganda. Hayo ndiyo maziwa ya njiwa. Mama anayo, na baba anayo vilevile. Kinda huingiza mdomo wake katika mdomo wa mzazi akalishwa. Ndege wenye maziwa ya namna hii ni wachache sana. Mmoja wao ni heroe, yule ndege wa rangi ya waridi wa Ziwa Natron.

Siku za kwanza makinda hula maziwa hayo tu, na hukua upesi mno. Kisha wazazi huchanganya maziwa na punje zilizolainika, na baada ya siku 10 hivi chakula chao karibu chote ni punje. Kwa sababu hiyo, msiwaondoe makinda wachanga kwa wazazi wao mkidhani mtawalisha uji. Uji si maziwa ya njiwa. Na wazazi wakifa kinda akiwa wa siku chache, mpelekeni katika kiota cha njiwa wengine wenye kinda mmoja wa umri uleule. Mara nyingi atapokewa.

Basi, anayetaka kumlisha kinda na amlishe mzazi wake. Wapeni wazazi mahindi yaliyovunjwavunjwa, ulezi, ngano, na kunde au njegere kavu. Alizeti iwe kidogo. Wekeni pia kikombe cha mchanga safi wenye changarawe ndogo, pamoja na maganda ya mayai yaliyopondwa. Njiwa hana meno. Changarawe humsaidia kusaga punje katika firigisi.

Maji ni lazima, kila siku, asubuhi na jioni. Njiwa hunywa kwa kuzamisha mdomo na kufyonza, kwa hiyo chombo kiwe na kina cha vidole 2. Mzazi asiye na maji hawezi kulisha vizuri.

Hapa nina maonyo 2. La kwanza: msiwape mahindi yenye ukungu. Ukungu huo waweza kuwa na sumukuvu, ambayo huua ndege, na hata watu. La pili: msiwape mbegu iliyopakwa dawa, wala mahindi yaliyotoka kuchanganywa na dawa ya wadudu ghalani. Msimu wa kupanda ukianza, msimwage mabaki ya mbegu uani. Mzazi akila sumu, makinda nao hulishwa sumu hiyohiyo.

Sasa baridi. Ninyi wa Ufipa hamhitaji kufundishwa baridi ya mwezi wa Juni na Julai. Juma la kwanza wazazi huwafunika makinda karibu wakati wote. Hatari huja baadaye. Wakifika siku 8 au 10, wazazi huanza kuwaacha, na manyoya yao bado hayajatosha. Kwa hiyo zibeni nyufa za kizimba upande unaotoka upepo, lakini acheni hewa ipite juu. Kiota kiwe bakuli la udongo, na ndani yake majani makavu mengi. Bakuli tupu ni baya, kwa sababu linateleza. Miguu ya kinda hupanuka huku na huku, akawa kilema.

Kila jioni, tazameni shingo za makinda bila kuwashika sana. Mfuko ukiwa umejaa, wamekula. Ukiwa mtupu, kuna jambo: pengine mzazi mmoja ameliwa na paka au mwewe, pengine ni mgonjwa, pengine maji yamekwisha.

Makinda wakiwa wa majuma 2 au 3, jike huweza kutaga tena. Wekeni bakuli la pili karibu. Msipofanya hivyo, atataga palepale, na makinda watayakanyaga mayai. Jike akishughulika na mayai mapya, baba ndiye huendelea kuwalisha wale wakubwa. Wakifika majuma 4 au 5, huruka na kujilisha.

Kuhusu magonjwa nitasema machache. Mkiona utando wa manjano kama jibini kinywani mwa kinda, huo ni ugonjwa unaotoka kwa wazazi katika kulisha, na hupita katika maji ya kunywa pia. Mkiona njiwa anapinda shingo, anatembea kwa kuyumba na kuharisha kijani, pengine ni mdondo. Katika hali zote mbili, mtengeni mgonjwa, osheni vyombo, na mwiteni afisa mifugo mapema. Mdondo hauna dawa ya kuponya, lakini chanjo ipo ya kuuzuia. Muulizeni afisa huyo kabla ugonjwa haujafika.

Fagieni kizimba kila juma. Funikeni pua na mdomo kwa kitambaa, kwa sababu vumbi la mavi ya njiwa si zuri kwa kifua cha mtu. Kisha naweni mikono kwa sabuni.

Maswali ya darasani
1. Kwa nini haifai kumwondoa kinda mchanga kwa wazazi wake?
2. Taja maonyo 2 juu ya chakula cha njiwa.
3. Makinda walianguliwa tarehe 21 Juni. Watatimiza majuma 4 tarehe gani? (Jibu: tarehe 19 Julai.)

Maneno ya kuandika: kinda, kiota, maziwa, changarawe, baridi.

Nyumbani, aliye na njiwa aandike tarehe ya yai la pili ukutani, juu ya kizimba. Asiye na njiwa amwandikie jirani yake asiyejua kuandika. Kwaherini, mpaka somo lijalo.