Kubadili Injini ya Gari la Chama: Maneno ya Fundi Mbele ya Mkutano Mkuu



Nimetakiwa nieleze, kwa lugha ya shambani wala si ya karakana, kama yafaa kulitia injini nyingine lile Land Rover letu kuukuu ili liweze kuvuta tela la kahawa. Nitasema niyajuayo, na nilipokosa mimi mwenyewe nitapasema pia.

Gari lile ni pikapu ndefu ya Series III, nayo injini yake ni ya petroli ya lita mbili na robo, yenye nguvu za farasi 70 hivi. Likiwa tupu halina lawama. Likifungwa tela lenye magunia na kupandishwa mlima, dereva hushuka gia hata ya kwanza, maji yakachemka, na petroli ikaisha kabla ya safari. Hayo mmeyaona kila msimu.

Injini inayopendekezwa ni ya dizeli, iitwayo 200Tdi, ambayo Land Rover wenyewe walianza kuitoa mwaka 1989. Farasi wake wapita 100. Lakini kwa mvuta tela farasi si neno kuu. Neno kuu ni nguvu ya kuzungusha, ipimwayo kwa nyutonimita. Injini ya zamani hutoa kama 160. Hii hutoa 255, tena ikizunguka mara 1,800 tu kwa dakika, yaani huvuta bila kupigishwa kelele. Kwa kubadili vipande vichache hufungika kwenye giaboksi ile ile, ndiyo sababu mafundi wengi wameipenda. Ila ile iliyotoka katika Discovery tabo yake imekaa chini, hugombana na chesisi. Ya Defender imekaa juu. Tusinunue kwa kutazama bei peke yake. Na mkanda wake wa taimingi ubadilishwe kabla injini haijawashwa, hata muuzaji akiapa kuwa ni mpya.

Wako wanaoshauri tubadili na difu ili gari likimbie barabarani. Sikubali. Difu yake ya 4.7 ni nzito kwa mwendo lakini ni rafiki wa mlima, na kahawa yetu haina haraka ya kufika.

Sasa nifike penye uzito. Miaka mingi iliyopita nilimfungia mteja injini kubwa katika pikapu yake, breki sikuzigusa. Alipopanda mlima na tela nilijisifu mbele ya watu. Siku ya tatu alikuwa akishuka na mbao, na tela lile halikuwa na breki zake lenyewe. Likalisukuma gari, breki zikapata moto, zikalegea, akaingia mtaroni. Alivunjika mguu. Hakunidai kitu, lakini najua nilimpa nguvu ya kupanda nisimpe ya kushuka.

Makisio mliyo nayo mikononi yana fungu la injini tu. Naomba liongezwe fungu la breki: ngoma zote nne zifunguliwe na kutengenezwa, na tela lifungwe breki zake. Tena gari letu lina kisaidizi cha breki kinachofanya kazi kwa mvuto wa hewa wa injini ya petroli. Dizeli haina mvuto huo. Hutumia pampu ndogo iliyofungwa ubavuni mwa injini. Pampu hiyo ije pamoja na injini, na fundi asiiache kwa kuona ni kitu kidogo. Bwana Katibu naye apeleke namba ya injini mpya ikaandikwe katika kadi ya gari, na wenye bima waarifiwe.

Ikiwa fedha hazitoshi kwa yote mawili, naomba hata fungu la injini lisitolewe mwaka huu, na gari liendelee kupanda polepole kama lilivyozoea. Liko uani sasa hivi, boneti wazi. Baada ya chakula nitakuwa pale, na mwenye swali aje tulitazame pamoja.